Husema Asante, Kisha Hunyamaza: Mihula Miwili na Mfumo wa Kuripoti Uonevu Shuleni

Kwa mihula miwili sasa, shule anayosoma binti yangu imekuwa ikitumia mfumo wa kidijitali wa kuripoti uonevu. Mwanafunzi huufungua kwenye simu au kwenye kompyuta ya maktaba, akajaza fomu fupi, akabonyeza kitufe, na taarifa ikamfikia mwalimu aliyeteuliwa bila jina la aliyeiandika kuonekana. Nimeutazama mfumo huu kwa nafasi mbili: kama mjumbe wa kamati ndogo ya wazazi iliyoombwa na bodi ya shule kuukagua kabla ya mkataba kuhuishwa, na kama baba wa mtoto aliyeutumia usiku mmoja akiwa na jambo zito la kusema. Jina la kampuni iliyoutengeneza nimeliacha makusudi, kwa kuwa mifumo ya aina hii inafanana mno, na mzazi wa shule nyingine huenda akautambua wa kwake humu. Nikitakiwa kutoa alama, urahisi wa kuutumia nitaupa nyota 4 kati ya 5; kile kinachofuata baada ya kitufe kubonyezwa nitakipa nyota 2, tena kwa kusitasita.

Nianze na kilichonipendeza, maana kipo. Fomu hufunguka upesi hata kwenye simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, haimdai mtoto kujisajili kwa barua pepe, na juu yake upande wa kulia kuna kitufe chekundu ambacho kikibonyezwa ukurasa hufungwa papo hapo na mahali pake hujitokeza ukurasa wa hesabu. Aliyekibuni anawajua watoto. Anajua kwamba mwonevu huenda ameketi dawati la nyuma yako. Lugha yake ni nyepesi, haina "mlalamikaji" wala "mlalamikiwa". Lililonifurahisha zaidi ni swali la kwanza kabisa, linalomuuliza mtoto kama jambo limempata yeye mwenyewe au ameliona likimpata mwenzake. Wengi wetu hudhani uonevu ni shughuli ya watu wawili, kumbe karibu kila mara una watazamaji. Watafiti wa Kanada waliowarekodi watoto wa shule na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001 waliona kwamba wenzao walipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Mpango wa kuzuia uonevu wa KiVa, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Turku na kuanza kusambazwa katika shule za Ufini mwaka 2009, unawategemea sana hao watazamaji. Kwa hiyo mfumo unaomfungulia mlango shahidi, na si mwonewa peke yake, umeanza vizuri.

Swali la tatu ndilo lililoanza kunitia shaka. "Tukio lilitokea lini?" fomu inauliza, na chini yake kuna kalenda inayopokea tarehe moja tu. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Bergen nchini Norwe, na ambaye tangu miaka ya 1970 alichangia kuliko wengi kuufanya uonevu wa shuleni kuwa somo la utafiti, alitaja mambo matatu yanayoutenga na ugomvi wa kawaida wa watoto: nia ya kuumiza, kurudiwa kwa kitendo, na tofauti ya nguvu inayomfanya anayetendewa ashindwe kujitetea. Fomu inayotaka tarehe moja imekwisha kulifuta jambo la pili kabla mtoto hajaandika neno. Watoto wanaosukumana mara moja uwanjani watajaza kalenda hiyo bila taabu yoyote, na yule anayeonewa kila siku ndiye atakayekwama.

Binti yangu alikwama hapo hapo. Ilikuwa saa nne usiku, nami nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda chake nikijifanya sioni anachoandika. Lililokuwa likimsumbua lilikuwa hili: kila alipoketi kwenye benchi la maabara, wasichana wanne waliokuwa hapo walinyanyua mikoba yao kwa pamoja, bila kusema neno, wakahamia benchi jingine. Hawakumgusa, hawakumtukana, hata hawakumtazama. Walikuwa wakifanya hivyo tangu wiki ya pili ya muhula. "Baba, niweke tarehe gani?" akaniuliza. Nikamwambia aweke ya leo. Ikafuata orodha ya aina za uonevu: kupigwa, kutukanwa, kuibiwa, kutishwa mtandaoni, mengineyo. Kutengwa hakukuwemo. Akachagua "mengineyo", akafunguliwa kisanduku cha herufi 300, akaandika, akafuta, akaandika tena, na mwishowe akatuma sentensi moja: "Wananyanyua mikoba nikikaa." Asiyemjua mtoto huyu, na asiyejua kwamba jambo hilo lilikuwa limedumu zaidi ya mwezi, anaweza kuisoma sentensi hiyo akatabasamu. Mwalimu aliyeipokea, kama nilivyokuja kufahamu, hakutabasamu, ila aliiweka katika kundi la "madogo".

Hapa sheria ya Japani ya mwaka 2013 ya kuhimiza hatua za kuzuia uonevu ingewasaidia waliobuni fomu hii. Sheria hiyo haianzi na orodha ya vitendo. Inauliza kama kitendo cha mwanafunzi mwenzake, kikiwemo kilichopitia intaneti, kimemfanya mtoto aliyetendewa ahisi maumivu ya mwili au ya moyo. Kwa tafsiri hiyo, mikoba minne inayonyanyuliwa kila siku ni uonevu, na shule haina nafasi ya kuuita mzaha. Tena sheria hiyo inatambua kiwango cha pili, cha "hali nzito", ambacho kinafikiwa si pale tu maisha au afya ya mtoto inapohofiwa kudhurika, bali pia pale anapodhaniwa kukosa shule kwa muda mrefu kwa sababu ya uonevu, na kipimo kinachotumika kwa kawaida ni siku 30 kwa mwaka. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019, iliyokusanya takwimu za nchi 144, ilieleza kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia, na kwamba wanaoonewa mara kwa mara wana uwezekano zaidi ya maradufu wa kukosa masomo. Utoro, kwa maneno mengine, ni dalili inayojulikana. Fomu yetu haiulizi hata mahali pamoja kama mtoto ameanza kukwepa shule, ilhali rejista ya mahudhurio imo kwenye kompyuta ileile.

Huenda msomaji akaona nachambua fomu kama karani. Nafanya hivyo kwa sababu historia ya sheria za uonevu karibu kote imeandikwa baada ya misiba, na katika misiba hiyo habari haikukosekana. Ilikuwepo, ikakosa pa kwenda. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norwe, wenye umri kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na chanzo kilichodhaniwa zaidi kilikuwa uonevu mkali wa wenzao. Mwaka uliofuata wizara ya elimu ikaanzisha kampeni ya taifa zima. Olweus alipoufuatilia mpango wake kwa wanafunzi wapatao 2,500 wa Bergen, idadi ya waliosema wanaonewa ilipungua kwa takribani nusu katika miaka miwili. Mwaka 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers katika jimbo la New Jersey, Marekani, alijiua baada ya mwenzake wa chumba kumchungulia kwa siri kwa kamera ya kompyuta, na sheria ya jimbo hilo ya haki za wanafunzi dhidi ya uonevu ikapitishwa kwa haraka na kutiwa saini Januari 2011.

Kisa cha Otsu, Japani, ndicho kinachonirudia kila ninapoufungua mfumo huu. Oktoba 2011 mvulana wa miaka 13 alijiua. Baada ya kifo chake shule iliwagawia wanafunzi karatasi za maswali, na majibu yakaeleza waziwazi waliyoyaona akitendewa. Hata hivyo mamlaka ya elimu ya mji ilishikilia kwanza kwamba uhusiano kati ya uonevu na kifo haujathibitika. Ilichukua hadi Julai 2012 polisi kuipekua shule, na hadi Januari 2013 kamati huru kutamka kwamba uonevu ulikuwa sababu ya moja kwa moja. Sheria niliyoitaja hapo juu ilipitishwa Juni mwaka huohuo. Wataalamu wa afya ya akili huonya, na wana haki, kwamba kujiua mara nyingi hakutokani na jambo moja, na kwamba si kila mtoto anayeonewa yuko kwenye hatari hiyo; lakini huwezi kuisoma habari ya Otsu ukaendelea kuamini kwamba kilichopungua pale ni kisanduku cha maoni. Watoto walijua. Watu wazima ndio waliokuwa hawajaulizana.

Turudi kwenye kitufe. Binti yangu alipokibonyeza, skrini ilionyesha alama ya kijani na maneno haya: "Asante kwa taarifa yako. Itashughulikiwa." Akaninyooshea simu. "Baba, imesema asante." Kisha akalala. Kesho yake akaichungulia asubuhi kabla ya kupiga mswaki, akaichungulia tena jioni, na siku ya tatu akaacha kuichungulia. Hakuna aliyemwita, hakuna ujumbe uliokuja, na ukurasa haukuonyesha kama taarifa imesomwa au la. Siku ya kumi na moja nilikwenda shuleni mwenyewe. Mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo, mtu mpole ambaye pia alikuwa akifundisha madarasa matano na kusimamia nidhamu, alinionyesha ukurasa wake bila kificho. "Mzazi, nimeiona," akaniambia, "nilikuwa nasubiri nipate nyingine zinazofanana nayo." Sikumlaumu sana, wala silaumu hapa. Katika mipangilio ya mfumo kuna sehemu ya kuweka muda wa mwisho wa kujibu, na shule ilipoupokea mfumo sehemu hiyo ilikuwa tupu. Ukiiacha tupu, mfumo hauhesabu chochote na haumkumbushi mtu.

Utupu huo ndio kasoro kubwa kuliko zote nilizoziona, nayo ni kasoro ya mtengenezaji kwanza kabla ya kuwa ya shule, kwa sababu saa hizo zimekwisha kuandikwa na watunga sheria na zinaweza kunakiliwa bila malipo. New Jersey inamtaka mfanyakazi wa shule aliyeshuhudia au kupewa habari ya uonevu amweleze mwalimu mkuu kwa mdomo siku hiyohiyo na kwa maandishi ndani ya siku 2 za masomo. Uchunguzi uanze ndani ya siku 1 ya masomo, na ukamilike ndani ya siku 10. Norwe, katika sura ya sheria ya elimu iliyoanza kutumika Agosti 2017 na kuendelezwa katika sheria mpya ya mwaka 2024, iliwapa wote wanaofanya kazi shuleni wajibu wa kuwa macho, kuingilia kati na kumjulisha mwalimu mkuu, na ikaitaka shule ichunguze na ichukue hatua pale mwanafunzi mwenyewe anaposema hajihisi salama. Kama wiki imepita tangu mwalimu mkuu ajulishwe na mtoto hajaridhika, yeye au mzazi wake anaweza kulipeleka jambo kwa ofisi ya serikali ya mkoa, iliyo nje ya shule. Mtengenezaji aliyesoma hata sheria moja kati ya hizi angeujaza ule mpangilio mtupu kabla hajaanza kuuza: saa 24 za kusoma, siku 10 za kuchunguza, na mlango wa nje ukifika mwisho.

Mwakilishi wa kampuni tulipomweleza hayo kwenye kikao alijibu kwa ustadi. "Wazazi wangu," akasema, "sisi tunauza bomba, maji ni ya shule." Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba bomba hilo halina hata mita.

Jambo la pili ni risiti. Mtoto akishatuma taarifa, fomu hujifuta, na hakuna nakala inayobaki mikononi mwake, wala namba, wala tarehe. Mwakilishi alisema hilo ni kwa usalama, ili mwonevu akiinyakua simu asikute kitu. Sababu hiyo naielewa na naikubali nusu. Lakini namba fupi ya kumbukumbu, yenye tarakimu sita, inayoweza kuandikwa nyuma ya daftari, haimsaliti mtu, na inambadilisha mtoto kutoka mwombaji kuwa mdai. Katika kesi ya Davis dhidi ya Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Monroe, iliyoamuliwa mwaka 1999 kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema shule inayopokea fedha za serikali kuu inaweza kuwajibishwa kwa unyanyasaji wa kijinsia unaofanywa na mwanafunzi kwa mwanafunzi, ikiwa ilijua na ikapuuza kwa makusudi, na ikiwa unyanyasaji ulikuwa mzito kiasi cha kumnyima mtoto elimu. Neno linalobeba uzito hapo ni "ilijua". Msichana wa kesi hiyo, wa darasa la tano, alikuwa ameripoti yeye na mama yake mara kwa mara, na ilipita zaidi ya miezi mitatu kabla hajaruhusiwa kubadilisha kiti alichokalia karibu na aliyekuwa akimsumbua. Kiti tu. Niliposoma sehemu hiyo nilifikiria benchi la maabara, na nikafahamu kwa nini baadhi ya shule zingependelea mfumo unaosema asante na kujifuta kuliko ule unaotoa namba: namba ni ushahidi kwamba shule ilijua, na tangu lini.

Kuna hofu ya upande wa pili, nayo imo katika kila kikao cha walimu: kwamba taarifa zisizo na jina zitakuwa silaha, kwamba watoto watasingiziana. Zipo taarifa za uongo, na za mzaha zipo zaidi. Katika wiki ya kwanza mtu aliripoti kwamba mwalimu wa hesabu anamwonea kwa kumpa mazoezi. Walimu waliokuwa kwenye kamati walikiri hata hivyo kwamba nyingi kati ya zile za uongo zilijulikana ndani ya dakika chache, kwa sababu hazina maelezo. Usiri una gharama nyingine inayosemwa kwa nadra, nayo ni kwamba huwezi kumrudia mtoto usiyemjua ukamuuliza swali la pili. Mifumo mizuri hutatua hilo kwa mazungumzo ya pande mbili yasiyo na jina, ambamo mwalimu huandika, mtoto hujibu, na utambulisho unabaki umefichika mpaka mtoto mwenyewe atakapoamua. Wetu unayo sehemu hiyo, lakini inauzwa kama nyongeza na shule haikuinunua. Nashindwa kuelewa ni kwa hesabu gani jibu limegeuzwa kuwa nyongeza.

Suala la usiku linanitisha kuliko yote. Fomu iko wazi saa zote, lakini anayeisoma yuko kazini kuanzia asubuhi hadi alasiri, siku tano kwa wiki. Tulipokuwa tukiikagua, mjumbe mmoja wa kamati aliandika taarifa ya majaribio saa tano za usiku, yenye maneno ambayo mtu mzima yeyote angeyasoma kama mtoto aliyekata tamaa na maisha. Fomu ikasema asante. Chini ya ile alama ya kijani palikuwa na kiungo cha "Unahitaji msaada sasa hivi?", nacho kikafungua orodha ya namba za simu, tukapiga ya kwanza ikawa haipatikani, ya pili ikaita hadi ikakata. Katika jimbo la Colorado, Marekani, mfumo wa Safe2Tell, ulioanzishwa mwaka 2004 baada ya mauaji ya shule ya Columbine ya mwaka 1999, hupokea taarifa saa 24 kwa watu walio macho wanaoweza kuzipeleka kwa polisi na kwa shule usiku huohuo. Ufaransa ina namba ya simu ya kuripoti uonevu, 3018, na Korea Kusini ina 117. Shule moja haiwezi kuweka mtu wa zamu usiku kucha, hilo ni wazi, lakini inaweza kukataa kununua fomu iliyo wazi usiku bila mtu nyuma yake, au angalau kudai fomu yenyewe iseme kwa ukweli: ujumbe huu utasomwa kesho saa mbili asubuhi, kama hali ni mbaya sasa, mwamshe mtu mzima aliye karibu nawe, au piga namba hii, ambayo tumeijaribu wiki hii. Mtoto anayejua kwamba hasomwi usiku huu atatafuta mlango mwingine. Anayedhani amesikika atasubiri.

Na nani hasa husoma? Kwa mpangilio wa awali, mtu mmoja. Hakuna swali linaloulizia kama anayelalamikiwa ni mtu mzima wa shule, wala njia ya kuikwepesha taarifa isimfikie yeye mwenyewe anayetajwa. Norwe ililitambua hili: pale mfanyakazi wa shule anapodhaniwa kumwonea mwanafunzi, wajibu huwa mkali zaidi na taarifa hutolewa mara moja, na anayetajwa akiwa ni mtu wa uongozi wa shule, taarifa hupelekwa moja kwa moja kwa mmiliki wa shule. Kwetu ilitakiwa dakika tano za kubadilisha mpangilio ili kila taarifa iende kwa watu wawili. Hakuna aliyekuwa amefikiri kufanya hivyo, nami pia sikufikiri mpaka mama mmoja wa kamati alipouliza.

Kijitabu cha matangazo cha kampuni kinaahidi "ushahidi unaofaa mahakamani", na ahadi hiyo ningewashauri wazazi waipite haraka. Ni kweli kwamba baadhi ya nchi zimeupeleka uonevu katika sheria ya jinai. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 2 Machi 2022 iliufanya uonevu wa shuleni kuwa kosa linalojitegemea, lenye adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 10 pale aliyeonewa anapojiua au kujaribu kujiua. Lakini hata huko mtoto aliye chini ya miaka 13 hapewi adhabu ya jinai, bali hatua za malezi, na wengi wa watoto wanaotajwa katika mfumo kama wetu wako kwenye umri huo au karibu nao. Sheria ya Japani nayo inatamka kwamba watoto hawapaswi kuoneana, na baada ya hapo mzigo inautwika watu wazima. Kilichonivutia zaidi kwa Wafaransa ni agizo lisilotajwa sana la Agosti 2023, linaloruhusu mtoto anayewatishia wenzake katika shule ya msingi ahamishiwe shule nyingine, badala ya kumwachia aliyeonewa afungashe vitabu vyake. Wazazi wengi tuliozungumza nao hawakuuliza habari za kifungo. Waliuliza ni nani atakayehama benchi.

Kuhusu faragha niseme machache: taarifa zinahifadhiwa kwa muda ambao mkataba haukuutaja, na tulipouliza tukapewa jibu la kurasa nne lisilo na tarehe. Hilo lilitosha kuifanya kamati isite kuhuisha mkataba kama ulivyokuwa.

Mwishowe tulihuisha, kwa masharti, kwa sababu kurudi kwenye sanduku la mbao lenye kufuli lililokuwa mbele ya ofisi, ambalo kila anayelisogelea huonekana na uwanja mzima, kulikuwa kubaya zaidi. Masharti yalikuwa haya: muda wa kujibu ujazwe na ukipita taarifa ipande yenyewe kwa mwalimu mkuu na kisha kwa bodi, namba ya kumbukumbu itolewe, mazungumzo ya pande mbili yafunguliwe, kalenda ipokee "tangu lini" na "mara ngapi", kutengwa kuongezwe kwenye orodha, na ukurasa wa usiku useme ukweli. Kampuni iliyakubali matano na la kalenda ikaomba muda, jambo linalonichekesha, maana ndilo dogo kuliko yote. Shule, kwa upande wake, ilimpunguzia yule mwalimu madarasa mawili. Kama ningeulizwa ni badiliko gani limeufaidi mfumo zaidi, ningetaja hilo, ingawa halimo kwenye programu.

Muhula wa pili binti yangu alituma tena. Safari hii sikuketi kitandani kwake. Aliniambia kesho yake wakati wa kufunga viatu. Alikuwa ameandika kuhusu msichana mwingine, mgeni darasani, ambaye mikoba ilikuwa imeanza kumnyanyukia. Saa tatu na nusu asubuhi alipata jibu lenye namba, jina la mwalimu, na swali: "Wewe huwa unakaa wapi?" Akajibu kwamba kwa sasa anakaa naye.